Kopo lilelile, aiskrimu nyingine

SWALI

Mpendwa mshauri,

Kwa miaka sita nimekuwa nikinunua aiskrimu ya vanila ya aina moja, kopo la lita 1. Mwaka huu watoto wameanza kuilalamikia, na mwanzoni nilidhani ni deko tu. Wiki iliyopita nimelichukua kopo la zamani ambalo siku hizi naweka vibanio vya nguo, nikalisimamisha ubavuni mwa jipya. Picha ni ileile, rangi ileile, lita 1 ileile. Yaliyobadilika ni maandishi madogo ya nyuma.

La zamani lina gramu 620. Viambato vyake: maziwa, krimu, sukari, maziwa ya unga yasiyo na mafuta, viini vya mayai, gamu ya guar, vanila. Jipya lina gramu 500, na orodha yake ni hii: maji, sukari, mafuta ya nazi, sirapu ya glukosi, maziwa ya unga yasiyo na mafuta, unga wa wei, emulsifaya (E471), vidhibiti (E410, E412, E407), ladha, rangi (E160b). Mbele, neno "aiskrimu" halimo tena. Pameandikwa "kitindamlo cha maziwa kilichogandishwa".

Bonge nililoliacha kwenye sahani lilikuwa bado limesimama baada ya dakika 50. Chini yake palikuwa na maji meupe kidogo, na juu kimebaki kitu kama povu la sabuni ya kunyolea. Jirani yangu anasema hiyo ni plastiki. Tena inachoteka papo hapo ikitoka friza, wakati ile ya zamani ilikuwa lazima usubiri.

Kinachonichanganya zaidi ni jedwali la lishe. La zamani linasema kalori 205, mafuta gramu 11, sukari gramu 21. Jipya linasema kalori 95, mafuta gramu 4.2, sukari gramu 12. Kwa hesabu hiyo jipya ndilo bora kwa afya. Mbona basi mwanangu wa miaka saba anajaa gesi tumboni kila akila, jambo ambalo zamani halikuwepo? Pia makopo mawili ya mwisho yalikuwa na chembechembe kama mchanga ulimini. Na hiyo E471 nimeambiwa inaweza kutokana na nguruwe, nasi hatuli nguruwe. Nifanye nini: niendelee, nibadili, au nitengeneze mwenyewe?

Mama Watatu

JIBU

Mama Watatu, hilo kopo la vibanio usilitupe. Ushahidi wote tunaouhitaji umo humo.

Tuanze na jedwali, kwa sababu hapo ndipo ulipopotezwa. Kalori 95 kwa gramu 100 haziwezekani kwa orodha uliyotuandikia: sukari ni ya pili, mafuta ni ya tatu, kisha kuna sirapu. Angalia juu ya safu ya namba. Utakuta kopo la zamani limeandikwa "kwa gramu 100" na jipya "kwa mililita 100". Lita 1 ya jipya ina gramu 500, kwa hiyo mililita 100 ni gramu 50 tu za chakula. Zidisha kila namba mara mbili ndipo ulinganishe: kalori 190, mafuta gramu 8.4, sukari gramu 24. Kalori zimeshuka kidogo sana, mafuta yamepungua, sukari imeongezeka. Kilichoonekana kama nafuu ya kiafya ni hewa iliyoingizwa kwenye hesabu.

Hiyo hewa ndiyo mabadiliko makubwa kuliko E zote (namba za viongezeo) ulizozihesabu. Mchanganyiko wa aiskrimu kabla ya kupigwa na kugandishwa una uzito wa takribani gramu 1,100 kwa lita. Mashine huupiga huku ikiugandisha, na hewa inayoingia hukaa ndani kama viputo vidogo mno. Bila hewa ungekuwa unalamba jiwe la barafu tamu, kwa hiyo kuwepo kwake si kosa. Kosa huja kwenye kiasi. Toa uzito wa lita moja ya aiskrimu kwenye 1,100, jibu uligawanye kwa uzito huohuo, uzidishe kwa 100. La zamani: 480 kugawanya kwa 620, ni asilimia 77 ya hewa juu ya mchanganyiko. La jipya: 600 kugawanya kwa 500, ni asilimia 120. Kwa maneno mengine, zaidi ya nusu ya kopo lako jipya ni hewa, na unanunua gramu 120 pungufu ndani ya kopo la ukubwa uleule. Ndiyo maana lita haitakuonyesha chochote. Dukani tazama gramu. Ikiwa zimeandikwa mililita peke yake, shika kopo moja mkono huu na jingine mkono ule; tofauti ya gramu 120 mkono unaihisi bila mzani. Lita inayofikia gramu 700 na kuendelea ni aiskrimu nzito. Inayokaribia 550 imegawana nusu kwa nusu na hewa.

Sasa mafuta. Kopo zima la zamani lilikuwa na gramu 68 za mafuta, karibu yote ya maziwa, na kidogo ya viini. Kopo zima jipya lina gramu 42, na kwa kuwa maziwa na wei vilivyomo ni vya unga usio na mafuta, hizo 42 karibu zote ni za nazi. Mafuta ya nazi hupendwa viwandani kwa sababu bei yake ni nafuu, huganda vizuri kwenye baridi, na huyeyuka kwenye nyuzi 24 au 25 hivi, chini ya joto la mdomo. Hayana ladha ya krimu, ndiyo maana baada yake imeongezwa "ladha", na rangi ya E160b kurudisha ule umanjano uliokuwa ukitoka kwenye viini na krimu. Asiwadanganye mtu kwamba yameingizwa kwa ajili ya moyo: karibu asilimia 90 ya mafuta ya nazi ni mafuta yaliyoshiba, yale ya maziwa ni kama asilimia 65.

Jina nalo limebadilika kwa sababu ya sheria. Kwa mfano Marekani, kitu hakiruhusiwi kuitwa aiskrimu ya vanila kama mafuta ya maziwa hayafiki asilimia 10, wala kama galoni moja haifiki pauni 4.5, ambazo ni takribani gramu 540 kwa lita. Kopo lako jipya lingeanguka kwenye vipimo vyote viwili. Uingereza, kwa upande mwingine, iliondoa Desemba 2014 kiwango cha chini cha mafuta kilichofungamana na jina hilo, kwa hiyo huko neno "aiskrimu" peke yake halihakikishi kitu. Lakini jina linapoondolewa kwenye kopo lililokuwa nalo miaka yote, chukulia kwamba fomula imebadilishwa, hata kama picha haijaguswa.

Ukisoma orodha, vipe uzito viambato vinne vya kwanza. Vimepangwa kuanzia kizito kuliko vyote, isipokuwa vile vilivyo chini ya asilimia 2, ambavyo nchi nyingi huruhusu vipangwe vyovyote mwishoni. Maziwa, krimu, sukari: hiyo ni aiskrimu. Maji, sukari, mafuta ya mmea, sirapu: hicho ni kitu kingine kilichofanywa kifanane nayo. Gamu na emulsifaya zinazofuata kwa kawaida zote pamoja hazizidi nusu gramu kwa kila gramu 100. Usizipuuze, ila zisome kama alama. Pale maziwa yalipopunguzwa, lazima kitu kingine kishike maji na kibebe hewa, na zipo hapo kwa kazi hiyo.

Kazi yenyewe ni hii. Hata kwenye nyuzi -18, karibu robo ya maji yaliyo ndani ya aiskrimu hayajaganda. Yamebaki kama sirapu nzito katikati ya chembe za barafu. Kila mlango wa friza unapofunguliwa, chembe ndogo zinayeyuka kidogo. Baridi ikirudi, yale maji hayaundi chembe mpya bali yanajibandika kwenye zile kubwa. Siku baada ya siku barafu inakua mpaka ulimi unaikamata. Gamu ya guar (E412), kutoka mbegu za mmea wa jamii ya kunde, na E410, kutoka mbegu za mti wa karobu, huifanya ile sirapu kuwa nzito kiasi kwamba maji hayatembei kwa urahisi. Tatizo ni kwamba gamu hizi mbili hazielewani na protini za maziwa: mchanganyiko ukikaa kwenye tangi kabla ya kugandishwa, hujitenga, na maji ya kijani hafifu yakajikusanya pembeni. Hapo ndipo inapohitajika E407, karaginani, inayotolewa kwenye mwani mwekundu. Kiasi chake ni kidogo sana, mara nyingi gramu 0.02 kwa 100, na kazi yake ni kuzuia utengano huo. Hivyo kuna kiongezeo kilichoongezwa kwa sababu ya viongezeo vingine. Kopo lako la zamani lilikuwa na guar peke yake kwa sababu protini za maziwa na viini vilikuwa vikifanya sehemu kubwa ya kazi.

E471 ndiyo inayojibu kuhusu lile bonge lililokataa kuanguka. Watu wengi hudhani emulsifaya imewekwa ili mafuta na maji yachanganyike. Kwenye aiskrimu mambo ni kinyume. Protini za maziwa tayari zimevifunika vitone vya mafuta na kuvitenganisha vizuri mno. E471 huzisukuma hizo protini pembeni, vitone vikabaki na ngozi nyembamba, na mashine inapopiga vinagongana na kushikana nusunusu, kama shada la zabibu. Mashada hayo huizunguka hewa na kuishikilia. Barafu ikishayeyuka, maji yanachuruzika chini, lakini ule mtandao wa mafuta, ukisaidiwa na gamu, unabaki umesimama na viputo vyake. Hilo ndilo povu uliloliona.

Plastiki haimo. Unaweza kulithibitisha jikoni. Weka gramu 50 za aiskrimu juu ya chujio la waya, chini yake bakuli, chumba kikiwa kwenye nyuzi 24 hivi. Pima kilichodondoka baada ya dakika 30, kisha 60. Ile yenye krimu na gamu kidogo itakuwa imedondoka sehemu kubwa. Yenye hewa nyingi na E471 itaacha kofia juu ya waya. Ibonyeze kofia hiyo kwa mgongo wa kijiko: inazama, inatoa mlio mdogo wa viputo, na kinachobaki ni utelezi mwembamba wa mafuta. Kipimo hiki kinakuonyesha namna ilivyojengwa. Hakikuonyeshi kama ina madhara.

Na kuchoteka papo hapo? Kwa sehemu ni hewa, kwa sehemu ni sirapu ya glukosi. Kadiri sukari ilivyo na molekuli ndogo ndivyo inavyoyazuia maji kuganda; gramu moja ya glukosi huteremsha kiwango cha kuganda karibu mara mbili ya gramu moja ya sukari ya kawaida. Sirapu ina mchanganyiko wa molekuli ndogo na ndefu: zile ndogo hulainisha, ndefu huleta uzito mdomoni bila utamu mwingi. Ule mvutano kama wa ubani ambao huenda watoto wanaulalamikia unatoka hapo na kwenye gamu.

Kuhusu usalama, nitakujibu kwa kila kimoja kwa sababu havifanani. Guar na E410 ni nyuzinyuzi za mbegu. Kwa kiasi hiki hazina la kutisha. Karaginani imezua mabishano marefu, mengine yakitokana na kuichanganya na aina yake iliyovunjwavunjwa kwa asidi, ambayo si ya chakula. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Umoja wa Ulaya iliiwekea mwaka 2018 kikomo cha muda cha miligramu 75 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Mtoto wa kilo 22 kikomo chake ni miligramu 1,650. Gramu 100 za aiskrimu yenye asilimia 0.02 zina miligramu 20. Viongezeo ambavyo ningevitazama kwa tahadhari zaidi havimo kwenye kopo lako, ila utavikuta kwingine: polisorbeti 80 (E433) na gamu ya selulosi (E466). Utafiti wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba vilisababisha uvimbe hafifu wa utumbo kwa panya, na jaribio dogo la watu 16 wenye afya lilionyesha kwamba E466 inaweza kubadili bakteria wa tumboni. Lakini kati ya watu hao, waliopewa E466 walikula gramu 15 kila siku kwa siku 11. Kwenye aiskrimu yenye asilimia 0.2, gramu 15 zinataka kilo 7.5 kwa siku. Kwa mwenye ugonjwa wa uvimbe wa utumbo ningeshauri avikwepe hata hivyo, kwa kuwa havimo kwenye aiskrimu tu: vimo kwenye mikate, sosi na krimu za pakiti, na vinajumlishana.

Rangi E160b inatokana na mbegu za mzingefuri na haina tatizo kwa walio wengi. Ukihamia kwenye stroberi au zile za rangi kali, tafuta namba hizi sita: E102, E104, E110, E122, E124 na E129. Tangu Julai 2010 chakula chenye mojawapo kikiuzwa Umoja wa Ulaya lazima kibebe onyo kwamba inaweza kuathiri utulivu na usikivu wa watoto. Zimekuwa zikikwepeka kwa urahisi tangu viwanda vingi vilipohamia rangi ya bitiruti (E162) na nyinginezo za mimea.

Sasa mtoto, na hapa ningemshuku wei kabla ya E yoyote. Unga wa wei ni yale maji yanayobaki jibini ikishatolewa, yakakaushwa, na zaidi ya gramu 70 kwa kila 100 ni laktosi, sukari ya maziwa. Bei yake ni nafuu kuliko ya maziwa ya unga, kwa hiyo huongezwa kufidia. Aiskrimu ya zamani ilikuwa na laktosi kama gramu 5 kwa 100. Jipya, kwa orodha hiyo, linaweza kufika 7 au 8. Mabonge mawili ya gramu 60 yanampa mtoto gramu 9 hivi kwa mkupuo mmoja. Vijana na watu wazima wengi wasiomeng'enya laktosi vizuri huvumilia hadi gramu 12 kwa mara moja, lakini kwa mwili mdogo na tumbo tupu kikomo kinaweza kuwa chini ya hapo. Mjaribu hivi: siku tatu asile aiskrimu kabisa, akila chakula chake cha kawaida. Siku ya nne, saa mbili baada ya kula, mpe mililita 200 za maziwa ya kawaida, ambazo zina laktosi gramu 10 hivi. Tumbo likijaa kati ya nusu saa na saa mbili, umempata mhusika. Rudia siku nyingine kwa maziwa yaliyoondolewa laktosi, kipimo kilekile; yakipita salama, huna haja ya kubahatisha zaidi. Akiyavumilia maziwa yote, punguza aiskrimu iwe bonge moja baada ya chakula uone. Na ukibadili aina, epuka zile "zisizo na sukari": sobitoli, malititoli na inulini ndizo zinazojaza gesi kuliko kitu chochote cha friza.

Jaribio hili ni la gesi na tumbo kujaa tu. Mtoto anayevimba midomo, kutoka vipele, kutapika mara tu akila, au kupumua kwa mluzi asijaribiwe nyumbani. Hiyo ni dalili ya mzio, na ni ya daktari mara moja. Vilevile damu kwenye choo au kupungua uzito.

Laktosi hiyohiyo inaeleza mchanga, kama kweli ni mchanga. Tofautisha namna hii: weka aiskrimu kidogo ulimini, ibonyeze kwenye paa la mdomo, usitafune. Chembe zikitoweka mara moja na kuacha baridi, ni barafu. Zikibaki sekunde kadhaa kama unga mgumu, kisha zikayeyuka polepole, ni laktosi iliyojiunda fuwele, na hiyo inatoka kiwandani kwenye wei nyingi. Friza yako haina lawama kubwa. Barafu, kinyume chake, mara nyingi ni ya safari na nyumbani. Ukiona pia aiskrimu imejivuta ikaacha ukuta wa kopo, au usawa wake umeshuka bila kuguswa, basi ilipata joto njiani, hewa ikatoka. Dukani chukua kopo la chini ndani ya friza, chini ya mstari wa kujaza, lisilo na theluji kwenye kifuniko. Nyumbani weka nyuma kabisa, kamwe si mlangoni, kwenye nyuzi -18 au chini yake, na ubandike karatasi ya plastiki ya chakula juu ya uso wa aiskrimu kabla ya kufunika. Ikiwa ngumu, ihamishie kwenye friji dakika 15 badala ya kuiacha mezani, ambako pembeni huyeyuka wakati katikati bado ni jiwe. Iliyoyeyuka kabisa na kukaa nje zaidi ya saa mbili usiigandishe tena. Kugandisha hakuui bakteria.

E471 na nguruwe: una haki ya kuuliza. Inatengenezwa kutokana na mafuta, na mafuta hayo yanaweza kuwa ya mawese, soya, ng'ombe au nguruwe. Namba haisemi ni yapi. Siku hizi ya mimea ndiyo iliyozoeleka zaidi, lakini mazoea si uthibitisho. Tafuta alama ya halali au ya chakula kisicho na nyama kwenye kopo, na kama haipo, mwandikie mtengenezaji umuulize swali moja tu: "E471 iliyomo kwenye bidhaa hii, toleo namba fulani, inatokana na mafuta gani?" Namba ya toleo ipo karibu na tarehe ya mwisho wa matumizi. Ukiuliza kwa jumla kama "ni salama" utajibiwa kwa jumla. Ulizia pia gelatini ikiwa imeandikwa, na kwenye aina nyekundu au za waridi tazama E120, rangi itokanayo na wadudu.

Je, uache kununua? Hilo kopo jipya ningeliacha, kwa sababu ya gramu, ya mafuta na ya tumbo la mtoto. Tafuta linaloanza na maziwa au krimu, lisilo na mafuta ya mmea wala wei, lenye angalau gramu 600 kwa lita. Likiwa na guar au E410 usilikatae kwa hilo tu. Lisilo na gamu kabisa ni tamu sana siku ya kwanza, lakini kwenye friza inayofunguliwa na watoto watatu litakuwa na barafu ndani ya wiki mbili.

Ukitaka kutengeneza, vipimo hivi vinakupa takribani kilo 1 yenye mafuta ya maziwa karibu asilimia 11: maziwa yenye mafuta yote mililita 500, krimu ya asilimia 35 mililita 250, sukari gramu 130, maziwa ya unga yasiyo na mafuta gramu 35, viini vinne, chumvi ya kubana kwa vidole. Ule unga wa maziwa usiuruke: protini zake ndizo zinazoshika maji badala ya gamu. Changanya sukari na unga vikiwa vikavu ili unga usifanye madonge, vitie kwenye maziwa ya uvuguvugu, ongeza viini vilivyopigwa, kisha pasha moto mdogo huku ukikoroga bila kuacha hadi nyuzi 82. Ikipita 85 viini hukatika, utaona chembe kama za yai la kukaanga. Ichuje haraka kwenye bakuli lililokaa juu ya barafu. Krimu itie sasa, ikiwa baridi. Acha mchanganyiko kwenye friji saa 4 au usiku kucha, kwa sababu mafuta yasipoganda kwanza hayatashika hewa, na aiskrimu itatoka nzito yenye barafu.

Mwenye mashine, bakuli lake likae friza saa 24 kabla, kisha piga dakika 20 hadi 25. Bila mashine, mimina kwenye trei pana ya bati isiyozidi sentimita 4 kwenda juu, na kila baada ya dakika 30 ikwangue kwa uma kutoka pembeni kuja katikati, mara tano. Ihamishie kwenye vyombo vidogo vya nusu lita badala ya kimoja kikubwa, ili chombo kinachofunguliwa kimalizwe ndani ya siku mbili tatu na vingine vibaki bila kuguswa.